Mtoto aelezwe, asikatazwe tu

Wengi wetu twadhani kumfunza mwanafunzi maamuzi mema ni kumwambia "usifanye", basi. Utafiti ulioanza mwaka 2004 magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa hilo pekee halitoshi.

Mtafiti Pascaline Dupas alifuatilia shule za msingi 328. Katika shule 71, wanafunzi wa darasa la nane walipewa kikao kimoja cha dakika 40. Walionyeshwa takwimu za Kisumu: wanaume watu wazima walikuwa na virusi vya Ukimwi zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Wakaachiwa wapime wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, mimba za wasichana hao zilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko za wenzao wasiopata kikao. Mafunzo kwa walimu ya kuhimiza kujizuia tu hayakupunguza mimba.

Sababu iko wazi. Mtu mzima ana nauli na zawadi mkononi. Hatari yake haionekani mpaka ielezwe.

Watu hao wako hata kwetu Pwani. Dini imekataza zinaa, na katazo libaki pale pale. Lakini binti aelezwe na hatari yenyewe, kwani siku atakapoitwa njiani, mzazi wala ustadhi hatakuwapo.