Neno Moja Laweza Kukugharimu Kompyuta Nzima

Mnamo mwaka wa 2014 niliingia katika duka moja mjini Nakuru nikitafuta kompyuta ya mezani ya kutumiwa na jamaa yangu yote nyumbani. "Mwalimu," muuzaji akaniambia, "hii ina memori ya 500." Nilifurahi, nikalipa, nikaipakia katika matatu ya Njoro. Tulipoiwasha, kila nilipofungua kazi mbili kwa pamoja mashine ilikwama kama lori la viazi katika matope ya Molo. Zile 500 zilikuwa gigabaiti za diski. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa gigabaiti 2 tu. Muuzaji alitumia neno moja kwa vitu viwili, nami, mtu ninayepata riziki kwa kuchambua maana za maneno, sikumwuliza alikusudia kipi.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu hadi leo nawaona walimu na wanafunzi wakirudi nyumbani na hasara kama yangu. Sisi wanaisimu tumebishana miaka mingi iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tulipokuwa tukigombania jina la kitu kizima, sehemu zake tuliwaachia wafanyabiashara wazibatize watakavyo. Anayelipia uzembe huo ni mnunuzi.

Wahenga walinena: vyaelea, vimeundwa. Ubora wa kompyuta ya mezani ni kwamba imeundwa kwa sehemu zinazoweza kufunguliwa na kubadilishwa moja moja. Mwenye fedha haba si lazima anunue mpya. Aghalabu atapata nafuu kwa mashine za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini, kama vile OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo. Lakini sharti ajue anachokitazama.

Kwanza ni kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu zote. Usitosheke ukiambiwa "ni Core i5". Hilo ni jina la ukoo. Lisome jina lote. Katika i5-2400 tarakimu ya kwanza baada ya kistari yaonyesha kizazi cha pili, kilichotoka mwaka wa 2011. Katika i5-8500, iliyotoka mwaka wa 2018, ni kizazi cha nane. Katika i5-10400, tarakimu mbili za kwanza zatuambia ni kizazi cha kumi. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hukubali rasmi vichakataji vya Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa vichache vya kabla yake. Mwenye mashine ya zamani zaidi asiitupe. Mfumo wa Linux na programu za LibreOffice hupatikana bila malipo, na vyatosha kuandaa mitihani, kuandika tasnifu na kusoma mtandaoni.

Pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Ifananishe na meza ya mwalimu: kadiri ilivyo pana, ndivyo awezavyo kufungua vitabu vingi kwa wakati mmoja; umeme ukikatika, meza yote hufagiliwa. Kwa matumizi ya nyumbani, tafuta gigabaiti 8. Uliza pia kama kuna nafasi tupu ya kuongeza nyingine, na ni ya aina gani, kwa maana kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4.

Tatu ni diski, na hii ndiyo kabati: kilichowekwa humo hubaki hata mashine ikizimwa. Hapa wengi huvutiwa na ukubwa wa nambari. Diski ya zamani inayozunguka, hata ikiwa ya gigabaiti 500, huwa nzito kwa kazi za leo. Diski ya SSD ya gigabaiti 240, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, huifanya mashine kuukuu iamke upesi mno. Ukiwa na fedha za kurekebisha sehemu moja tu, na kumbukumbu yako si haba, anza hapa.

Nne ni umeme. Anayeishi Njoro, Molo au Elburgon anazijua radi za miezi ya mvua. Kifaa cha UPS hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Rahisi huvunja upishi: afadhali kununua skrini iliyotumika, ukaweka akiba ya kifaa hiki, kuliko kununua skrini pana halafu radi moja ikakurudisha mwanzo.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe. Ikiwa inatumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha ufungue sehemu ya utendaji. Utaona jina kamili la kichakataji, kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni hili: tusingoje kamusi. Tufungue kompyuta moja kuukuu mbele ya wanafunzi, tuwaonyeshe kumbukumbu na diski, kila moja kwa jina lake, wazishike kwa mikono yao. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo, atakaposimama dukani na kuambiwa "memori 500", atajua la kuuliza: kumbukumbu ni ngapi, na diski ni ngapi? Swali hilo halina gharama. Mimi nililikosa, nikalilipia.