Dakika Tatu na Nusu

Ujumbe wenyewe huingia usiku kwenye kundi la familia la WhatsApp, na mara nyingi anayeutuma ni mtu anayetupenda kwa dhati. Mzee akiamka kwenda kukojoa, unasema, asiinuke upesi: ahesabu dakika tatu na nusu, kwanza akiwa amelala, kisha ameketi, kisha ameshusha miguu ukingoni mwa kitanda. Asipofanya hivyo moyo utasimama ghafla. Watumie watu kumi.

Kuinuka taratibu ni jambo jema. Kosa liko kwenye sababu.

Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huhisi presha ikishuka, na kufumba na kufumbua moyo huongeza mapigo, mishipa hujibana. Kijana hana habari. Kwa mzee mishipa imekakamaa na marekebisho huchelewa, tena huenda anameza dawa ya presha, ya kukojoza, au ya tezi dume, ambazo zote zinaweza kuishusha zaidi. Namba ya juu ya presha ikipungua kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hapo daktari atataka kuzipitia dawa zake. Mzee huingiwa giza machoni, hupapasa ukuta, huanguka. Moyo unaendelea kudunda. Kilichovunjika ni nyonga. Akae kidogo, achezeshe vifundo vya miguu, awashe taa. Saa ya kuhesabia ya nini?

Kuhusu moyo wenyewe, usingizi wa kawaida huupumzisha: presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Mshtuko wa moyo hupata watu zaidi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, presha inapopanda tena.

Linalonikera zaidi ni kwamba ujumbe unahangaika na jinsi mzee anavyoinuka, wala hauulizi anaamshwa na nini. Inaweza kuwa sukari, tezi dume, au chai ya usiku. Lakini moyo uliochoka huacha maji yatuame miguuni mchana kutwa, hadi soksi zikaacha alama. Akilala, maji hayo hurudi kwenye damu. Mengine huchujwa na figo, naye akaamka kukojoa. Mengine huyalemea mapafu: saa moja au mbili baada ya kulala anashtuka akihema, anaketi, anafungua dirisha apate hewa. Hali hiyo haisubiri miadi ya mwezi ujao.

Ndiyo maana kliniki kuna swali linaloonekana la kipuuzi.

“Mzee analalia mito mingapi?”

“Mmoja,” binti anajibu upesi.

“Huo ulikuwa wa zamani,” baba anamkatiza. “Sasa mitatu. Na juzi nimelala kwenye kiti.”