Nafasi ya Kuku Bandani

Katika nyumba nyingi za Nyanza na Ukambani kuku hulala jikoni, kwa kuwa mwenyewe aogopa mwizi na kicheche. Hofu hiyo si bure, lakini jikoni si mahali pa kuku. Moshi huwadhuru vifua, na kinyesi chao huwaletea watoto maradhi ya tumbo. Yafaa wajengewe banda imara lenye mlango wa kufuli.

Hata hivyo, wako waliojenga banda zuri kisha wakaliharibu kwa tamaa. Banda la futi 10 kwa futi 8 lina futi za mraba 80. Kuku wa mayai ashindaye ndani mchana kutwa ahitaji futi za mraba 4. Basi hilo ni banda la kuku 20. Atiaye 40 hudhani atapata mayai maradufu. Sivyo. Matandiko hulowa, hewa hunuka hata macho hutoka machozi, kuhara damu huenea, na kuku hudonoana hata kufa. Mtaka yote hukosa yote.

Kuku waendao nje mchana na kurudi jioni huweza kutoshewa na futi za mraba 2 kila mmoja. Wote wapewe kijiti cha kulalia, inchi 8 kwa kila kuku, kiota kimoja kwa kuku watano, na maranda makavu ya kina cha inchi 4.

Basi, kabla ya kununua vifaranga, pima banda lako kwanza.