Gagula na Hofu Iliyotafsiriwa: Wasomaji wa Kiswahili Mbele ya Rider Haggard

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wasomaji wa Kiswahili wanavyoipokea riwaya ya H. Rider Haggard iliyotafsiriwa kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, hasa wanapolazimika kuamua la kufanya na ubaguzi uliomo ndani yake. Inadaiwa humu kwamba katika sehemu zake zenye nguvu zaidi hofu na ubaguzi havitenganishiki, kwa sababu vyote viwili vimebebeshwa mhusika mmoja, Gagula. Inadaiwa pia kwamba msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili: ajuza anayeogopwa kitabuni ana wenzake walio hai nje ya kitabu.

Utangulizi

Kipawa, kando ya Barabara ya Julius Nyerere, muuza vitabu vikuukuu hutandika bidhaa zake juu ya turubai. Alasiri moja nilikuta hapo nakala isiyo na jalada ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, na watu watatu wakiibishania. Wa kwanza, mwanamume wa makamo, alisimulia kwamba alikisoma kitabu hicho utotoni kwa mwanga wa koroboi na kwamba kwa wiki nzima hakuthubutu kutoka nje usiku kwa kumwogopa Gagula. Kwake yeye, Haggard ni fundi wa hofu, na mengine hayamhusu. Wa pili, kijana zaidi, alishikilia kwamba hicho ni kitabu cha mkoloni na hakifai kuuziwa watoto. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima ambaye wote wawili walimwita Mwalimu. Yeye hakuchukua upande wowote. Alimuuliza yule wa kwanza swali moja tu: alipokuwa akimsoma Gagula kwa mwanga wa koroboi, alikuwa akimwona nani? Yule bwana alicheka, kisha akakiri kwamba alikuwa akimwona bibi mmoja jirani yao kijijini, mjane aliyeishi peke yake.

Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Mjadala kuhusu ubaguzi wa waandishi wa zamani huendeshwa mara nyingi kana kwamba ni kesi baina ya mwandishi aliyekufa na msomaji aliyekasirika. Jibu la yule bwana linamwingiza mtu wa tatu.

Kutoka Natal hadi Dar es Salaam

Henry Rider Haggard (1856–1925) alifika Natal mwaka 1875 akiwa kijana katika msafara wa gavana, Sir Henry Bulwer, na alikuwapo Pretoria wakati Waingereza walipoitwaa Transvaal mwaka 1877. Aliporejea Uingereza aliandika riwaya yake katika majuma machache, baada ya kuwekeana dau na nduguye kwamba angeweza kuandika kisa kisichopungukiwa na kile cha Stevenson cha kisiwa chenye hazina. Ikachapishwa mwaka 1885. Haggard huhesabiwa zaidi miongoni mwa waandishi wa visa vya safari, lakini wajuzi wa fasihi ya hofu nao humdai awe wao. H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani ambaye jina lake limekuwa kama jina la hofu yenyewe, aliisifu She ya Haggard katika tahakiki yake ya mwaka 1927 kuhusu hofu ya visivyo vya kawaida katika fasihi.

Tafsiri ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1929 na Frederick Johnson, ofisa wa elimu Tanganyika, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930. Ni mtu huyohuyo ambaye jina lake linahusishwa na kamusi sanifu ya mwaka 1939, iliyotoka baada ya kifo chake. Kwa hiyo riwaya hii haikuingia katika Kiswahili kwa mlango wa nyuma. Iliingia pamoja na usanifishaji wenyewe, ikiwa miongoni mwa matini za kwanza ndefu za nathari ambazo mwanafunzi aliwekewa mbele kama mfano wa Kiswahili kilichopangwa vizuri.

Jina la tafsiri linastahili kutazamwa kidogo. Leo tungetarajia machimbo au migodi, maneno yanayoelekeza fikra kwenye kazi na mali. Mashimo huelekeza fikra kwenye giza na kutumbukia. Sidai kwamba Johnson alikusudia hivyo. Hata hivyo, mtoto aliyekishika kitabu hicho aliahidiwa hofu kabla ya almasi, na kwa kumbukumbu za wasomaji ndivyo kilivyokaa kichwani mwao: wengi hukumbuka pango na Gagula vizuri zaidi kuliko hazina.

Ajuza katika pango

Si haki kusema kwamba kila hofu ya Haggard imejengwa juu ya rangi ya mtu. Kiu ya jangwani inatisha bila kumdhalilisha yeyote. Vivyo hivyo saa ambazo Quatermain na wenzake wamefungiwa katika chumba cha hazina, taa zikizimika, almasi zikiwa hazina thamani kuliko tone la maji. Msomaji anayempenda Haggard kwa kurasa hizo hana la kujitetea. Tena mwandishi huyu si wa upande mmoja. Mapema kabisa katika riwaya msimulizi anaanza kutumia tusi la Wazungu kwa Waafrika, kisha anajikatiza na kusema kwamba neno hilo halipendi. Mwishoni Ignosi, mfalme halali aliyerejeshwa kitini, anapiga marufuku wafanyabiashara wenye bunduki na pombe kuingia nchini mwake, pamoja na wamisionari. Hotuba hiyo ingeweza kutolewa katika mkutano wa wapigania uhuru.

Mambo hubadilika pale hofu inapopewa mwili. Tazama maiti mbili. Katika pango lenye baridi kali mlimani, wasafiri wanakuta mwili wa Mreno, José da Silvestra, aliyeganda kwa karne tatu. Kwanza wanatimua mbio kwa woga. Baadaye wanarudi, wanamtambua, wanakumbuka barua aliyoiandika kwa damu yake, nao wanaondoka wakimsikitikia. Mbali zaidi, katika ukumbi wa mauti, wanakuta wafalme wa Wakukuana wameketishwa mezani huku maji yakiwageuza mawe, na miongoni mwao Twala aliyeuawa karibuni, kichwa chake kikiwa juu ya magoti yake. Kilichowapata wote ni kimoja: mwili umehifadhiwa na pango. Lakini Mreno anatoka katika hofu na kuingia katika historia, ilhali wale wafalme wanabaki kuwa safu ya vitisho, na isipokuwa Twala hakuna anayetajwa jina.

Gagula ndiye kilele cha utaratibu huo. Anapoingia mara ya kwanza anatambaa kwa miguu na mikono, naye anafananishwa na nyani na kisha na maiti iliyokaushwa kwa jua. Umri wake haukadiriki. Katika usiku wa kunusa wachawi, wanawake walio chini yake wanawagusa watu kwa fimbo zao na walioguswa wanauawa mbele ya mfalme. Mwishoni anawaongoza wageni hadi kwenye hazina ili awazike humo, anamchoma kisu Foulata anayejaribu kumzuia, na anapondwa na jiwe la mlango. Ondoa mlinganisho na nyani, uzee uliogeuzwa kuwa uchafu, na dhana kwamba maarifa ya kale ya Mwafrika ni uovu wa kale, kisha uulize Gagula anatishia kwa lipi. Hakibaki kitu. Kwa sababu hiyo ule utetezi wa yule bwana wa kwanza, kwamba yeye alichukua hofu akaacha mengine, haukubaliki kwa mhusika huyu hata kama unakubalika kwa jangwa na giza.

Foulata naye asisahauliwe, ingawa hamtishi mtu. Anampenda Mzungu, Good, na anakufa akisema kwamba jua haliwezi kuoana na giza. Baadaye Quatermain anaona kwamba kifo chake kilikuwa nafuu, kwa kuwa kimeepusha matatizo. Riwaya ina wanawake wawili Waafrika wenye nafasi kubwa. Mmoja anauawa kwa ubaya wake na mwingine kwa wema wake, ndani ya pango moja, katika muda wa dakika chache.

Hata hivyo, wasomaji wana njia zao. Pale Kipawa yule kijana, aliyekwisha kukihukumu kitabu, alibadili hoja ghafla na kusema kwamba ukitazama vizuri Gagula ndiye mzalendo: Wazungu wamekuja kuchukua mawe yanayong'aa, naye peke yake anajua wamekuja kufanya nini. Akaongeza kwa mzaha kwamba Gagula alizuia makinikia kabla ya serikali kuyazuia mwaka 2017. Tulicheka, lakini usomaji huo una ushahidi katika matini. Gagula ndiye hazina ya kumbukumbu ya nchi yake. Anakumbuka Mzungu aliyetangulia kuja na akaondoka mikono mitupu, na anawakejeli hawa wapya kwa uroho wao. Anachokisema juu yao ni kweli. Haggard aliuweka ukweli huo katika kinywa alichokwisha kukichafua, na ilihitajika msomaji wa upande wa pili ili kuusikia.

Gagula na kigagula

Katika Kiswahili cha Tanzania, kigagula ni mchawi, hasa mzee mwenye sura ya kutisha; wingi wake ni vigagula. Wasomaji wa riwaya hii huliunganisha neno hilo na Gagula moja kwa moja, na baadhi huamini kwamba limezaliwa naye. Umbo la neno linairuhusu imani hiyo, kwani kiambishi ki- hupachikwa kwa kudunisha, kama katika kizee au kijitu. Lakini kufanana kwa umbo si ushahidi wa asili ya neno, na hoja ya makala haya haitegemei etimolojia hiyo. Inatosha kwamba katika akili za wasomaji mhusika na neno vimekutana, kila kimoja kikikipa nguvu kingine.

Jambo la kisarufi linafaa kutajwa hapa. Kiambishi cha kudunisha kinamshusha mtu hadi ngeli ya vitu, lakini upatanisho wa kawaida unamrudisha: husemwa kigagula yule amekuja. Msemaji anayesema kigagula kile kimekuja amepiga hatua nyingine ya makusudi, amemvua mtu hata upatanisho wa viumbe hai. Atakayetaka kupima kiwango cha dharau katika masimulizi ya uchawi ataanza hapo na kupata mengi.

Mwaka mmoja kabla ya tafsiri ya Johnson, yaani 1928, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi. Sheria na riwaya zilitoka katika utawala mmoja. Ya kwanza ililenga kudhibiti tuhuma za uchawi. Ya pili ilimpa mtoto wa shule picha isiyosahaulika ya mtuhumiwa. Zaidi ya miaka sitini baadaye mwanasosholojia Simeon Mesaki aliandika juu ya mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi Usukumani, ambako waliouawa kwa wingi walikuwa wanawake wazee, na ambako macho mekundu, ambayo moshi wa mekoni unatosha kuyasababisha, yalichukuliwa kuwa dalili. Mauaji hayo yana vyanzo vya ardhi, urithi, maradhi na imani ambavyo havimhitaji Haggard. Kumbebesha yeye damu hiyo ni kumkuza kupita kiasi. Lakini kusema kwamba Gagula ni ndoto ya Mwingereza tu, isiyomgusa mtu, ni kusahau yule mjane jirani.

Wapenzi wa mwandishi na deni lake

Wapenzi wa Lovecraft walikumbana na swali kama hili. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Tuzo ya Dunia ya Fantasia mwaka 2011, na tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Akaandika hadharani juu ya uzito wa kutunukiwa sura ya mtu aliyewahi kutunga shairi la kuwatukana watu weusi. Mwaka 2015 waandaaji walitangaza kuiacha sanamu hiyo, na baadhi ya wapenzi wa Lovecraft walilalamika vikali. Vitabu vyake havikuondolewa popote. Kilichoondolewa ni heshima ya kuwa sura ya fani nzima.

Huku kwetu Haggard hakuwahi kuwa sanamu, alikuwa somo. Chinua Achebe ameeleza kwamba alipomsoma Haggard utotoni alikuwa upande wa Wazungu dhidi ya washenzi, bila kujua kwamba yeye alihesabiwa miongoni mwa hao washenzi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anamtaja Haggard waziwazi miongoni mwa waandishi wa kibaguzi. Wote wawili waliusoma ubaguzi huo kwa Kiingereza, lugha iliyojitangaza kuwa ya mgeni. Msomaji wa Mashimo aliupokea kwa lugha yake, katika sauti inayofanana na ya msimulizi wa nyumbani. Nadhani hapa ndipo penye tofauti kubwa, na pamechunguzwa kidogo mno.

Jibu la mapema zaidi katika nathari ya Kiswahili, kwa maoni yangu, halikutoka kwa wahakiki bali kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanzia pale pale anapopapenda Haggard: mahali pa kale panapoogopwa, na maiti. Lakini anayekuja kuchunguza ni Bwana Msa, mtu wa hapohapo mwenye kiko chake na subira yake, na hofu inageuka kuwa swali lenye jibu. Mzimu hauhukumiwi kwa sura yake. Abdulla naye ana dharau zake, na watu wa shamba na imani zao huchekwa kuliko inavyostahili. Lakini kuchekwa kwa mtu wa shamba hakumfanyi kuwa nyani.

Pale Kipawa bei ilikuwa imekwisha kujadiliwa, na ni Mwalimu aliyeichukua ile nakala. Alisema atawapa wajukuu wake waisome, ila sura ya Gagula wataisoma mchana, kwa sauti, bibi yao akiwa ameketi papo hapo.