Nyoka wa Sandukuni na Panya Aliye Hai

Baadhi ya wasomaji wetu wa Visiwani watajiuliza kwa nini safu hii leo imeacha mambo ya karafuu na bandari, ikashika habari ya nyoka. Jawabu ni fupi. Njia iliyowaleta wapagazi wa Kinyamwezi pwani, mabegani wakiwa na pembe za ndovu, ilituunganisha sisi na Tabora tangu karne ya 19, na liwahusulo watu wa huko latuhusu na sisi. Tena kumweka kiumbe kifungoni ni amana, na amana haitofautiani baina ya bara na visiwa.

Tulipokuwa Tabora tulishika njia ya Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Chini ya mwembe tulimkuta mzee mmoja na sanduku lake la mbao. Alikuwa katika Wayeye, wale mafundi wa nyoka wa Unyamwezi na Usukuma, ambao tangu zamani hukamata nyoka, huwatibu walioumwa na hucheza ngoma na chatu shingoni. Chama chao si hadithi ya vijiweni. Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, na hata Bujora, karibu na Mwanza, ngoma ya nyoka huvuta watu wengi katika sherehe za Bulabo.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Alifunua sanduku. Chatu alikuwa na kidonda kipana mgongoni, nyama ikionekana. Tukamwuliza ni nani aliyemjeruhi.

"Panya," alijibu kwa masikitiko. "Nilimtia jioni akiwa hai, nikaenda kulala. Chatu hakuwa na njaa. Panya alikuwa nayo."

Maneno hayo yatosha kuwa hoja. Wako wanaoshikilia kwamba nyoka lazima apewe windo lililo hai kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Sisi hatubishani na maumbile. Lakini porini panya ana tundu la kukimbilia, na nyoka asiyetaka kula ana uwanja wa kuondokea. Sandukuni hakuna hata kimoja. Panya aliyebanwa huuma, na nyoka asiye na hamu ya kula hukaa tu akitafunwa. Wapo waliokufa kwa majeraha ya namna hiyo. Jambo hilo basi si maumbile, bali ni kazi ya mikono ya binadamu.

Nyoka hahitaji windo lipige kelele ndipo ajue kuwa ni chakula. Huongozwa na harufu, na chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani huwalisha nyoka wao panya waliokwisha kuuawa na kugandishwa. Panya huyeyushwa polepole mpaka barafu yote iishe ndani, kisha hutiwa joto katika maji ya uvuguvugu, hukaushwa, na husogezwa kwa koleo ndefu wala si kwa mkono. Hachemshwi, na akishayeyuka hagandishwi tena. Baridi ile huua wadudu wengi waishio ndani ya panya, ingawa haiui vijidudu vyote. Kwa hiyo kunawa mikono kwa sabuni ni lazima.

Tutaulizwa: Mzee wa Kwihara atapata wapi jokofu, na umeme ukikatika itakuwaje? Swali ni la haki. Lakini baina ya windo lililo hai na lililogandishwa iko njia ya tatu, isiyohitaji umeme: kumwua panya au kuku kwa haraka, bila ya kumtesa, na kumpa nyoka papo hapo angali na joto. Nyoka aliyetoka porini huenda akakataa mara ya kwanza na ya pili. Asilazimishwe, chatu mzima huweza kukaa majuma mengi bila ya kula, na subira humfunza. Jambo moja la kuepukwa ni panya wa kuokota mitaani, kwani huenda amekula sumu iliyotegwa na mwenye nyumba, na sumu hiyo ikamwua na nyoka.

Liko na jambo la pili, nalo latuuma zaidi. Mahali pengine kuku hutiwa sandukuni akiwa hai mbele ya watoto, ili watazamaji watoe sarafu. Tuliosoma chuoni twaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kumnyima kiumbe njia yake, kisha asimpe badala yake. Mwenye kumfunga kuku na nyoka katika sanduku moja amewanyima njia wote wawili, na mtoto anayetazama hujifunza kucheka mateso.

Sheria zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilitungwa ili kuwakinga wanyama na mateso, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumiliki mnyama wa porini bila ya idhini. Tunawaomba maofisa wa wanyamapori, wa mifugo na wa utamaduni wasiende kwa Wayeye na pingu. Wakae nao, kwa kuwa elimu yao ya nyoka ni hazina ya taifa, na masharti ya kulisha yaandikwe katika kila kibali. Maonyesho ya kulisha windo lililo hai mbele ya umma yakomeshwe. Visiwani nako, popote nyoka anapoonyeshwa kwa watalii, wahusika wafuate mwendo huo huo.

Tulipoagana na mzee alikuwa akikiosha kidonda cha chatu wake kwa maji ya chumvi, taratibu, kama mtu amwoshaye mwanawe. Alituambia kwamba panya aliye hai hatamtia tena. Mzee huyo amejifunza kwa hasara yake mwenyewe. Ni juu yetu, wananchi na viongozi, tujifunze kabla ya hasara.