Kalenda ya Fedha: Utangulizi wa Elimu ya Madeni ya Kaya katika Nyanda za Juu Kusini

Elimu ya madeni ya kaya bado ni changa vyuoni kwetu, lakini maswali yake yaliulizwa vijijini muda mrefu kabla ya benki yoyote kufungua milango Mbeya au Iringa. Familia inapata fedha lini? Inadaiwa lini? Na kati ya siku hizo mbili inaishi vipi? Anayekuja huku akitokea kwenye uhasibu huwa amezoea kuuliza kiasi kwanza. Sisi tunaanza na majira. Kaya inaweza kuvuna vya kutosha mwaka mzima na bado ikashindwa kulipa deni dogo, kwa sababu tu deni hilo limeangukia Januari.

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi ya Ismani na Mufindi, mpunga wa Usangu na Kyela, na kahawa ya Rungwe na ya Mbozi, wilaya ambayo tangu 2016 iko Mkoa wa Songwe, vyote huingiza fedha katika miezi michache ya katikati ya mwaka. Matumizi hayasubiri miezi hiyo. Shule hufunguliwa Januari, wakati ule ule mahindi yanapodai palizi na mbolea ya kukuzia, na ghala nalo limeanza kuonekana sakafu. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na imeondoa mzigo mkubwa. Hata hivyo sare, madaftari, viatu na michango ya chakula vimebaki, na vyote hudaiwa katika wiki zile zile.

Si kila nyumba ina kalenda hiyo. Chai ya Rungwe na Mufindi kwa kawaida hulipwa kwa mwezi. Ndizi za Tukuyu huuzwa siku za soko. Nyanya za Ilula zinaweza kumletea mkulima fedha nyingi kwa mkupuo, au bei ikaanguka ndani ya wiki moja na mzigo ukaozea kwenye matenga. Kijana wa bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, anapata fedha kila siku, lakini kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana nina shaka na bajeti ya mwezi inayofundishwa kwenye semina nyingi. Ilitungwa kwa ajili ya mtu anayelipwa tarehe moja kila mwezi. Mkulima wa Ismani akipewa karatasi hiyo ataijaza vizuri mwezi wa Julai, na Februari hatakuwa na cha kuandika.

Tatizo la fedha kudaiwa kwa tarehe iliyopangwa na mwingine lina historia. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na kaya ambazo utajiri wake ulikuwa ng'ombe, nafaka na kazi za mikono zikalazimika kutafuta fedha taslimu. Vijana wa Unyakyusa wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na baadaye hadi kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, safari ambazo mtaalamu wa jamii Philip Gulliver alizichunguza miaka ya 1950. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa mrithi wa kodi hiyo, ilifutwa mwaka 2003, lakini ule mtindo wa mwanafamilia kwenda mbali kutafuta fedha ya kulipia ya nyumbani haujafutika. Anayetuma fedha kwa simu leo kutoka Dar es Salaam anaingia katika hesabu zetu kama alivyoingia mchimbaji yule.

Kwa utafiti wa kisasa, ningependa uanze na kitabu kiitwacho Portfolios of the Poor, kilichotoka mwaka 2009. Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven walikusanya shajara za fedha za kaya zaidi ya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini, wakifuatilia kila shilingi iliyoingia na kutoka kwa muda wa mwaka mzima. Walikuta kila kaya, hata ile maskini kabisa, ina akiba ya namna fulani na deni la namna fulani kwa wakati mmoja. Walisisitiza kwamba udogo wa kipato ni sehemu tu ya tatizo. Kipato hicho huja bila mpangilio, na vyombo vya kukihamisha kutoka mwezi wa neema kwenda mwezi wa dhiki ni vibovu. Kuhamisha fedha kutoka mwezi mmoja hadi mwingine ndiyo kazi ya akiba, na ndiyo kazi ya mkopo pia. Ukilielewa hilo, hutamwona tena mkopaji kama mtu mwenye tabia mbaya.

Karibu zaidi na kwetu, Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 utafiti wa wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya. Wakulima hao walipewa mkopo wakati wa mavuno, jambo ambalo wengi wangeliona kinyume. Nani anakopa ghala likiwa limejaa? Lakini mavuno ndiyo wakati ambao mkulima huuza kwa bei ya chini, kwa sababu anadaiwa. Mkopo ule ukawapa nafasi ya kuhifadhi mahindi na kuyauza bei ilipopanda, nao wakapata faida. Tena, pale ambapo wakulima wengi walihifadhi, tofauti ya bei kati ya msimu na msimu ilipungua sokoni, hivyo matokeo yakawafikia hata wasiokopa. Mikopo hiyo ilitolewa na shirika la One Acre Fund, ambalo lina wakulima Iringa pia. Lakini tahadhari: Juni 2017 serikali ya Tanzania ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei katika mikoa yetu ilishuka, na aliyehifadhi kwa mkopo alijikuta na ghala lililojaa na deni linalokua.

Sasa tazama mkopo wa Februari. Tuseme mkulima anapewa shilingi 40,000 na mfanyabiashara kwa makubaliano ya kulipa gunia moja la mahindi Julai, na Julai gunia hilo linauzwa 60,000. Hakuna aliyetamka neno riba, lakini amelipa asilimia 50 kwa miezi mitano. Kagera waliiita biashara ya namna hii butura, kahawa ikiuzwa ingali mtini. Mjini kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza kausha damu. Shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ikikaa miezi mitano, inadai 300,000 nyingine juu yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana katika daraja la pili, chini ya leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho riba ya mkopo ule ule ingekuwa 52,500. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinastahili kusomwa kwa makini na kwa heshima. Mfumo wake unatokana na vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, lakini ulipofika kwetu ulikuta watu waliokwisha kuzoea upatu na mchezo. Ubora wake mkubwa ni tarehe. Kikoba kinachovunjwa Desemba humweka mwanachama mbele ya Januari akiwa na fedha mkononi. Udhaifu wake ni hisa za kila wiki, zinazomfaa muuza ndizi na kumwelemea anayetegemea mahindi peke yake.

Bili nazo zina tabia tofauti. Umeme wa LUKU hununuliwa kidogo kidogo, hauachi deni. Maji ya mjini hudaiwa kila mwezi. Pango la nyumba huombwa kwa miezi sita au mwaka, na bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Hizi mbili za mwisho zinalipika wakati wa mavuno, na ni afadhali zilipwe wakati huo, kabla fedha haijapata wenyewe.

Jambo moja watafiti wengi hulipita haraka: nyumba si mfuko mmoja. Kahawa mara nyingi iko mikononi mwa baba, ndizi na mboga mikononi mwa mama, na kila mmoja anaweza kuwa na deni ambalo mwenzake halijui mpaka mdai aje kubeba makochi. Dodoso linalomhoji mkuu wa kaya peke yake haliwezi kuliona deni hilo.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaendelea na masomo haya, uandike miezi 12 ya nyumba yako: kilichoingia, kilichodaiwa na nani, pamoja na michango ya misiba na harusi. Mwenza wako aandike yake kando, kisha mlinganishe. Na ukiwa unakaribia kusaini mkopo wowote, mwombe mkopeshaji akuonyeshe leseni ya Benki Kuu na akuandikie jumla ya shilingi utakazolipa mpaka mwezi wako wa mavuno. Akikataa, usisaini.