Pikipiki inapozimika katika njia ya Salalah

Makala yetu leo inatoka Al Barsha mjini Dubai na inahusu safari za masafa marefu kwa pikipiki, hasa yale yanayomkuta msafiri pale chombo kinapokataa kwenda.

Al Barsha ni mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Sheikh Zayed, na jirani yake ni Al Quoz, eneo la maghala, viwanda na gereji. Kwa mwenye pikipiki anayeishi hapa, msaada hauko mbali. Fundi yupo, vipuri vipo, na pancha huzibwa kabla chai haijapoa. Hali hubadilika pindi anapoamua kufunga mizigo na kuelekea Salalah, kusini mwa Oman, mwendo wa takriban kilomita 1,200.

Safari hiyo ina kinaya chake. Watu huitamani zaidi kati ya mwezi Juni na Septemba, kwa sababu wakati huo pepo za kusi, zile zile wanazozijua mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki, huleta ukungu na manyunyu katika milima ya Dhofar. Waarabu wa huko huuita msimu huo khareef. Wakati Dubai inaungua kwa nyuzi joto zaidi ya 40 za Selsiasi, Salalah huwa na kijani kibichi na hali ya hewa ya nyuzi joto ishirini na kitu. Lakini ili kuufikia ubaridi huo, msafiri analazimika kulikata jangwa katika miezi ambayo jangwa lina ukali wake wote. Baada ya Nizwa na Adam, barabara hunyooka kuelekea Haima na kisha Thumrait, ikipita kwenye tambarare isiyo na mti wala kivuli. Hapo ndipo pikipiki kuzimika kunapokuwa ni suala la uhai.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumeizoea pikipiki katika mazingira ya bodaboda, biashara iliyoanza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Huko, chombo kikizimika, hukisukumi mbali kabla hujamkuta fundi chini ya mwembe, ana spana mbili, beseni la maji la kutafutia tundu, na viraka. Mazoea hayo ni mazuri, lakini yanamfanya mtu aondoke nyumbani akiamini kwamba fundi atatokea tu. Katika njia ya Haima hatatokea.

Sasa basi, injini imekata moto. Jambo la kwanza si kutafuta kilichoharibika. Jambo la kwanza ni kutoka barabarani. Malori na magari ya familia hupita hapo kwa kasi kubwa, na dereva aliyechoka huielekeza gari pale macho yake yanapotazama. Akiona taa ya pikipiki kando ya njia, anaweza kuifuata. Tumia mwendo uliobaki kujitoa kabisa kwenye lami, uende mbali kadiri ardhi itakavyoruhusu, lakini angalia usizame mchangani. Washa taa za tahadhari ikiwa zipo. Kisha wewe mwenyewe simama mbali na pikipiki, upande usioelekea barabara, na usiinamie injini huku umeyapa magari mgongo. Usiku hatari ni mara mbili, na ngamia nao huvuka barabara bila kuuliza.

Jambo la pili ni mwili wako. Wasafiri wengi hudhani kwamba upepo wa mwendo unawapoza. Ni kweli pale hewa inapokuwa baridi kuliko ngozi, ambayo joto lake ni kama nyuzi 35. Hewa ikifika nyuzi 45, upepo huo huo hufanya kazi ya feni iliyowekwa mbele ya tanuri: unakuongezea joto, na unakausha jasho haraka kiasi kwamba hujui umepoteza maji mengi. Kwa hiyo yule anayesimama saa saba mchana huwa ameshapungukiwa na maji kabla hata ya kuanza kuhangaika. Kunywa kwanza. Tengeneza kivuli kwa turubai au shuka iliyofungwa kwenye pikipiki. Usivue nguo zote. Kitambaa chepesi kinachofunika ngozi ni bora kuliko kifua wazi, na wanaoishi jangwani wamelijua hilo karne nyingi kabla yetu. Mwenzako akianza kuchanganya maneno, au akiacha kutoa jasho ilhali ngozi yake ina moto, huo si uchovu. Mmwagie maji, mpepee, na piga simu ya dharura mara moja. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu polisi hupatikana kwa namba 999 na gari la wagonjwa kwa 998; nchini Oman namba ni 9999.

Si bure kwamba sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Sheria hiyo haimhusu mtalii, lakini mimi ningemshauri aitii. Ondoka alfajiri, pumzika mchana, endelea jioni.

Mkishapata kivuli na maji, ndipo turudi kwenye injini. Inahitaji vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Kabla ya kufungua chochote, tazama mambo ya kijinga, maana ndiyo huwatesa wengi. Je, swichi nyekundu iliyo kwenye mkono wa kulia imeguswa? Je, stendi ya ubavuni imepanda sawasawa? Pikipiki nyingi za sasa hukataa kuwaka zikiwa zimetiwa gia huku stendi iko chini, na mchanga ukiingia kwenye swichi yake ndogo, chombo hudhani stendi iko chini hata kama umeipandisha.

Ikiwa injini ilipungua nguvu kidogo kidogo kisha ikafa, na baada ya kupumzika ikawaka tena na kufa tena mbele ya safari, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, umempata mwizi: tundu la kupumulia limezibwa na vumbi, na mafuta hayawezi kushuka. Zibua tundu hilo uendelee na safari.

Kama ukibonyeza kitufe cha kuwashia unasikia tiki-tiki tu na taa zinafifia, shaka inahamia kwenye betri. Kaza kwanza vichwa vya nyaya, kwani mtikisiko wa kilomita mia kadhaa hulegeza skrubu. Mtu mwenye kipima volti ana raha: betri nzuri iliyopumzika husoma karibu 12.6, na injini ikiwaka inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tatizo si betri bali ni mfumo wa kuichaji, na kununua betri mpya Haima ni kutupa pesa. Kuhusu kusukuma ili iwake, hiyo ni dawa ya pikipiki za kabureta. Zile zenye pampu ya umeme ya mafuta, betri ikifa kabisa, mtazisukuma hadi mtoke roho, na katika joto hilo si msemo tu.

Tairi ndilo linalohitaji maandalizi zaidi. Bodaboda wengi wamezoea tairi lenye tyubu, lakini pikipiki nyingi kubwa zinazouzwa Dubai hazina tyubu. Msumari ukiingia, usiuchomoe hadi uwe na vifaa mkononi: sindano ya kuchokonolea, uzi mnene wa mpira wenye gundi, na pampu. Unachomoa, unasukumiza uzi, unakata kilichozidi, unajaza upepo. Kwa aliyezoea ni kazi ya robo saa. Lakini wako wanaopunguza upepo mchana kwa sababu tairi limekuwa gumu kutokana na joto. Hilo ni kosa kubwa. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, alfajiri. Tairi lililopunguzwa upepo hujikunja zaidi linapozunguka, kujikunja huko huzalisha joto, na mwisho wake ni kupasuka. Tazama pia tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zake zinaweza kuonekana mpya huku mpira umeshazeeka kwa jua.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Beba mulkiya, yaani kadi ya usajili, na bima inayotambuliwa Oman. Ikiwa pikipiki si yako au ina deni la benki, beba barua ya ruhusa ya mwenye mali. Uliza kabla ya safari, si baada yake, kama bima hiyo inalipia gari la kuvuta chombo kibovu, na kwa umbali gani.

Liko jambo moja ambalo Mswahili analo na wasafiri wengine hawana. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na bara walirejea kwa wahenga wao, na lugha wakarudi nayo. Katika Maskati na miji ya ndani bado unaweza kumsalimia mzee kwa shikamoo, naye akaitika marahaba. Baada ya hapo fundi hutafutwa na watu watatu kwa wakati mmoja, na kahawa huletwa kabla ya spana.

Chombo kikishindikana kabisa, kitapakiwa kwenye pikapu, na hapo pia pana uharibifu mwingi. Kiingize gurudumu la mbele likigusa ukuta wa bodi. Tia gia ya kwanza. Funga kamba mbili pana mbele, moja kila upande, ukizishika kwenye chuma cha chini cha usukani na si kwenye mikono yenyewe wala nyaya, kisha vuta hadi springi za mbele zibonyee nusu. Funga nyingine mbili nyuma kuzuia mkia usirukeruke. Stendi ya ubavuni iwe imepanda, kwa sababu ikiachwa chini kila shimo la barabara hupiga fremu. Na baada ya kilomita kumi za mwanzo mwombe dereva asimame, ukaze kamba tena.